Kikombe cha Dirishani

Wivu wangu ulianza saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, nikiwa nimeshika pasi. Nilitupa jicho nje ya dirisha, nikamwona Ba kwenye baraza amenyanyua birika juu, usawa wa bega, anamimina chai kwenye kikombe cha mtu mwingine. Chai ilishuka ndefu mpaka ikatoa povu. Kwetu Morogoro muuza kahawa akikumiminia hivyo ujue amekukubali. Na mimi, miaka kumi na moja ndani ya nyumba ile, nilikuwa najimiminia mwenyewe. Niliunguza kola ya shati la mwanawe.

Ba ni mama kwa Kigujarati. Nyumba nzima ilimwita hivyo, nami nikafuata. Aliletwa Johannesburg akiwa bibi harusi wa miaka kumi na saba, kutoka kijiji ambacho hata watoto wake hawakijui, akauza vitambaa na mumewe mpaka mume akafa. Mimi nilipoingia kazini alikuwa mjane wa siku nyingi, sari nyeupe kila siku ya Mungu, hana pete wala bangili. Nyumba yao iko Mayfair, mwendo mfupi ukitokea Newtown, na chumba changu kilikuwa uani, nyuma ya gereji.

Na mimi ni mjane. Mume wangu alikuwa mmoja wa wale vijana wa Afrika Kusini waliokimbilia kwetu wakati wa ubaguzi wa rangi. Tulioana Morogoro, na nchi yao ilipofunguka nikamfuata na binti yetu mgongoni. Alipofariki nilikaa eda yangu, miezi minne na siku kumi. Nilipotoka, wakwe zangu wakanivisha nguo nyeusi mwaka mzima kwa desturi yao. Basi nikawa nimefiwa mara mbili na mume mmoja. Baada ya hapo hakuna aliyeniuliza nitaishi vipi, ndipo nikatafuta kazi za ndani.

Siku ya kwanza, Madam, mke wa mwanawe Ba, alinionyesha kikombe changu na sahani yangu chini ya sinki, karibu na sabuni. Vyombo vya bati, vyenye ukingo wa bluu. Sikushangaa. Johannesburg hii, uende kwa Mzungu, uende kwa Mhindi, uende hata kwa Mwafrika mwenye nafasi yake, mfanyakazi ana kikombe chake chini ya sinki. Unakizoea kama unavyozoea baridi ya mwezi wa saba.

Kisha ukaja ule mwezi wa Mei walipoanza kuwapiga wageni kule Alexandra, na moto ukasambaa mjini. Binti yangu alikuwa kwa shangazi zake, yeye ni wa kwao, hakuna wa kumgusa. Mimi ndiye nilikuwa wa kuguswa. Ba akafunga lango kwa kufuli, akauweka ufunguo kwenye pindo la sari yake, akaniambia kwa Kiingereza chake cha dukani kwamba yeyote atakayekuja kuniulizia atajibiwa na yeye. Wiki mbili hakuniachia ufunguo. Ndani ya wiki hizo mbili alinipa kikombe cha stili, kilekile cha familia, kirefu, kinachong'aa, akakigeuza akanionyesha kwamba chini ya kitako amekitia nukta nyekundu kwa rangi ya kucha. Wahindi hutia nukta nyekundu kwenye paji la uso, kwenye picha za miungu yao, hata kwenye gari jipya kabla halijatoka barabarani. Nikasema moyoni, haya, na mimi nimetiwa baraka.

Tangu siku hiyo saa nne ikawa saa yetu. Madam yuko kazini, mumewe yuko dukani, wajukuu shuleni. Namaliza kumwogesha Ba, nampaka mafuta ya nazi kichwani, nazisuka nywele zake, mkia mwembamba kama uzi wa kiatu, kisha naleta birika barazani. Namtilia yeye, najitilia mimi, naketi kwenye kigoda changu. Tulizungumza kwa Kiingereza kibovu, cha kwake na cha kwangu, na pale kilipokatika tulishangaa jinsi maneno yetu yanavyofanana. Yeye anasema dava, mimi nasema dawa. Yeye duniya, mimi dunia. Alicheka kama mtoto kila tulipolipata jipya. Mama yangu mzazi nilimzika kwa simu, kwa hiyo sitaki kusema nilimpenda Ba kama nani. Saa nne ilikuwa yangu, basi.

Halafu Kiingereza kikaanza kumtoka. Kwanza majina ya vitu, halafu hesabu, halafu ikawa naleta chai naambiwa maneno marefu ya Kigujarati, nami najibu ndiyo Ba, ndiyo Ba. Akikasirika alinigeuzia uso ukutani. Madam mwenyewe alizaliwa Johannesburg, Kigujarati chake ni cha jikoni na hekaluni tu. Maneno ya kijijini kwa Ba hayakuwa na wa kuyajibu. Ndipo mwanawe akapata wazo la kumleta yule mwanamke.

Walimleta kutoka kijiji kilekile, kwa kibali cha miezi sita, na mpango wa kukirefusha. Niliambiwa ni mjane, umri wangu au pungufu kidogo. Ukoo wao ulikuwa ukitumikia nyumba ya babake Ba tangu enzi za mababu, na mama yake alikuwa mzoa samadi wa pale. Mumewe alipokufa mashemeji walisema nuksi ni yake, wakamtoa ndani, akawa analala kwenye banda la mbuzi na kufagia nyua za watu. Madam alinieleza hayo tukikunja mashuka. Akaongeza kwamba yule atakaa na Ba azungumze naye, basi, na jikoni asiguse kitu. Mimi nikasikia kwamba mgeni amekuja kupumzika na mtumishi wa kumpikia ni mimi.

Alikuja na mfuko mmoja wa nailoni. Sari yake ilikuwa ya rangi ya vumbi, mikono mitupu. Walimwekea kitanda chumbani kwangu, na hapo nilijibana nikanyamaza. Lakini siku ya kwanza tu, tulipokutana kwenye korido nyembamba ya kwenda uani, alijibandika ukutani mpaka nikapita, huku amekusanya nguo yake kwa mikono miwili isiniguse. Nilimtazama kutoka chini mpaka juu. Nikajiambia, mtu katoka kulala na mbuzi, leo anaona kinyaa mwili wa mwanamke mweusi. Nilipita nikimsugua kwa makusudi, na yeye akashtuka kama aliyeunguzwa.

Siku ya pili nikaona kikombe. Ba aliagiza apewe kimoja cha stili kutoka kabatini. Baada ya kunywa, yule mwanamke alikwenda kukiosha mwenyewe kwenye bomba la bustani, akakiweka kifudifudi kwenye kizingiti cha dirisha la baraza, peke yake, na hapo ndipo kilipokaa. Hakuna aliyekisogeza. Nilijaribu kukichukua nikioshe na vingine, akanipungia mkono, hapana, hapana. Miaka kumi na moja nimeosha vikombe vya kila mtu ndani ya nyumba ile, vya majirani, vya wageni wa harusi, na huyu chake hakitaki mkono wangu.

Na kukaa kwake. Mimi nilikuwa nikikaa kigodani, kando ya Ba. Yeye aliketi chini, kwenye kidaraja cha kupandia baraza, uso juu, kama mtoto mbele ya mama yake. Wote wawili wamevaa nguo za kijane, mmoja nyeupe, mmoja ya rangi ya vumbi, na mimi mjane wa tatu niko ndani na ovaroli ya pinki na kitambaa chake cha kichwani. Waliongea asubuhi nzima. Sikujua wanaongea nini, lakini mtu hahitaji kujua lugha ili aone mtu anafurahi. Ba aliuliza, yeye akajibu, Ba akapiga goti lake mwenyewe kwa kiganja, Ba akalia, Ba akacheka. Kigoda changu kilihamishwa kikawekwa ndani karibu na mashine ya kufulia, na hakuna aliyekumbuka ni cha nani.

Nilimwonea wivu, sitalipamba neno hilo. Nilimwonea wivu akila, akikohoa, akikaa. Usiku wa kwanza nilimhesabia pumzi zake kwa hasira, lakini hata huko alinishinda, alilala kimya kama hayupo. Asubuhi bado nilimwogesha Ba mimi, nilimpaka mafuta mimi, nilimsuka mimi. Mwili wake wote ulikuwa mikononi mwangu na yule mwanamke hakugusa hata ukucha. Ningekuwa na akili ningelitazama jambo hilo vizuri. Mimi nilitaka maneno.

Siku moja nilikuwa nakausha vyombo na mlango wa jikoni uko wazi. Yeye alisimama nje ya kizingiti, hakuingia, hakuwahi kuingia. Nilikuwa nimegeuza kikombe changu juu chini. Aliiona ile nukta nyekundu. Akainyoshea kidole, kisha akajigusa kifuani, kisha akanitazama machoni muda mrefu, kwa namna ambayo niliichukia. Nikajua anakitaka. Nikakiweka kabatini nikafunga mlango wake kwa kishindo.

Jumapili hizo nilikuwa natembea kwa miguu kupitia Newtown mpaka Joubert Park, kwenye fleti ninayokaa na binti yangu. Yeye ni mtu mzima sasa, Kiswahili anakisikia chote ila ananijibu kwa Kizulu. Chini ya jengo letu kuna rafiki yangu Mkongo anayesuka nywele kando ya spaza, kiduka cha mtaani. Nilimpa habari zote, birika, kikombe, kidaraja, huku ananivuta kichwa. Alicheka. Aliniuliza kama nimeolewa na huyo bibi kizee, hata nimepata mke mwenza. Nilikasirika nikaondoka nywele zimesukwa nusu, ikabidi nirudi baada ya dakika kumi maana nusu kichwa hakitembei barabarani.

Kosa nililifanya Jumamosi iliyofuata. Mwanamke yule alikuwa bustani ya mbele akifagia majani. Nilitoka barazani, nikakichukua kile kikombe cha dirishani, nikakiosha kwenye sinki moja na vyombo vyote, kwa sabuni moja na kitambaa kimoja, nikakipanga kabatini kati ya vingine. Vilifanana kama mapacha. Nilichokusudia nakijua vizuri. Nilitaka asiwe na chake. Nilitaka kesho akitaka chai achukue chochote kama mtu mwingine, nione kama Ba atanyanyua birika juu namna ile kwa ajili ya kikombe kisicho na mwenyewe. Nilijisikia vizuri, nikaimba nikipiga deki.

Jumapili hiyo sikupewa ruhusa kwa sababu kulikuwa na wageni. Wageni wakanywa chai, wakala, wakaondoka. Jioni Ba alitoka barazani, akatazama dirishani, hakuona kikombe. Alimwuliza yule mwanamke. Yeye akatazama kizingiti, akatazama chini ya kizingiti, akatazama bustanini. Nilimwona akirudi kupapasa kizingiti kitupu kwa viganja, na kwa mara ya kwanza nikahisi jambo hili ni kubwa kuliko nilivyolipima. Madam akaja, akafungua kabati, akahesabu vikombe. Vilitakiwa kuwa kumi na kimoja, vilikuwa kumi na viwili, na havikuwa na tofauti.

"Nani ameweka hiki humu?" Madam aliniuliza.

Ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi fupi, na ningeongeza samahani, ingekwisha.

"Sijui, Madam," nikasema. "Labda kaweka mwenyewe."

Madam alitafsiri. Yule mwanamke alinitazama, halafu akatazama miguu yake. Hakukana. Nimefikiri sana kwa nini hakukana, na naona ni kwa sababu kule alikotoka kukana hakujawahi kumsaidia.

Ba hakupiga kelele. Aliingia jikoni mwenyewe, akashika kabati asianguke, akaanza kutoa vikombe kimoja kimoja na kuvigeuza. Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu. Alipokiona chenye nukta nyekundu alikitoa akakitenga kando, sakafuni, karibu na mlango. Halafu akavitazama vilivyobaki kumi na kimoja, akashindwa kujua kipi ni kipi, akaketi kwenye kiti akalia. Kikombe changu kilibaki sakafuni. Sikuelewa kwa nini ndicho cha kwanza kutolewa.

Kuanzia hapo Ba hakula. Alikataa kila kilichopitia chombo cha nyumba ile. Siku mbili alikula ndizi alizomenya mwenyewe na kunywa maji ya chupa, mtu mwenye miaka themanini na zaidi. Jumatatu jioni mwanawe akaja juu na uamuzi: huyu mwanamke hafuati mwiko wa mama, atarudishwa Alhamisi. Mwanamke mwenyewe alipoambiwa hakulia. Alikwenda chumbani kwetu akakunja sari zake mbili, akazikunjua, akazikunja tena. Madam alinieleza kwa sauti ya chini kwamba kule hata lile banda la mbuzi mashemeji wameshampa mtu mwingine.

Jumanne nikaomba ruhusa ya saa mbili, nikaenda Joubert Park. Nilimweleza rafiki yangu Mkongo kila kitu, na safari hii hakucheka. Alisimamisha kazi, kitana mkononi.

"Bon," akasema. "Kesho asubuhi unaenda kumwambia madam wako. Juu ya nini unaacha mwenzako anabeba kosa yako? Weye pia uko mjane, mama."

Nilirudi na maneno yangu nimeyapanga. Nilimkuta Madam jikoni na boksi kubwa, anafungasha vyombo. Vikombe vyote, sahani zote, vijiko, mabakuli. Alikuwa amenunua vipya. Akaniambia boksi lile nikipenda nilichukue mimi, vyombo ni vizima kabisa, ni dhambi kuvitupa. Nikauliza kwa nini visitumike tena kama ni vizima.

Alijifuta mikono. Naamini aliona aibu, na nampa haki yake hiyo.

"Ni mambo ya zamani, usiyatie moyoni," akasema. "Kule kijijini watu wa ukoo wake hawagusi chombo cha mtu. Hawaingii jikoni. Akija kuomba maji anakinga viganja, anamiminiwa kutoka juu ili birika lisimguse. Hata kivuli chake anakikusanya kisimwangukie mtu. Ba amekulia humo, hatuwezi kumbadilisha leo."

Nilishika ukingo wa sinki. Niliona korido na yeye kajibandika ukutani. Niliona kidaraja cha baraza, na Ba kwenye kiti umbali wa mikono miwili, umbali ambao haukupungua hata siku moja. Niliona chai inavyoshuka.

"Na changu?" nikauliza. "Ile nukta?"

"Hiyo rangi ya kucha ilikuwa yangu," Madam akasema. "Ba aliniomba mwaka ule. Ili sisi tusichanganye."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilikuwa nimetoka Joubert Park na maneno yaleyale mdomoni, nimeyabeba kwenye kila robot, zile taa za barabarani, nimeyarudia kwa Kiingereza. Nikayameza. Nitakuwa mkweli, maana huu si ushahidi wa mahakamani. Sikunyamaza kwa woga wa kufukuzwa. Nilinyamaza kwa wivu, wivu mpya uliozaliwa palepale sinkini. Yule mwanamke aliijua nafasi yake tangu siku ya kwanza, na aliijua na ya kwangu. Alisimama pale kizingitini akanyosha kidole kwenye nukta, akajigusa kifua, kunieleza kwamba mimi na yeye ni kitu kimoja. Na mimi tangu Mei ile nilikuwa nikinywa chai kama mtu wa nyumbani. Sikuweza kumsamehe kuona kabla yangu. Nikalibeba boksi, nikasema ahsante Madam.

Alhamisi waliondoka asubuhi, yeye na mwanawe Ba, baada ya watoto kwenda shule. Nilikuwa nimejificha chumbani nikijifanya nakung'uta godoro. Aliingia kuchukua mfuko wake. Nilisubiri apite kwa ubavu kama kawaida yake. Badala yake alikuja moja kwa moja mpaka mbele yangu, akanyosha mikono yote miwili, akaishika yangu. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama vyangu, na vya moto. Akaibana, akaiachia, akatoka. Alijua ni mimi. Nilikuwa mtu wa kwanza kumgusa katika nchi nzima ya Afrika Kusini, nadhani, tukiondoa yule afisa wa uwanja wa ndege aliyemchukua alama za vidole.

Boksi liko Joubert Park. Binti yangu ananywea chai vikombe vile na kuvisifu kwamba havivunjiki. Kile chenye nukta kilikuwemo ndani ya boksi pamoja na vingine, nilijaribu kuitoa rangi kwa spiriti, ikatoka yote. Sasa na mimi siwezi kukitambua.

Ba alirudi kula, kwa vyombo vipya. Ila aliachana na kuongea. Wiki nzima alikuwa anakaa barazani amekitazama kidaraja, na akisikia mlango anageuka haraka, kisha anaona ni mimi. Nilikuwa nimeipata saa nne yangu. Nilirudisha kigoda barazani, mahali pake palepale, na hakuna aliyenipinga.

Siku ya nane au ya tisa nilileta birika kama zamani. Ba akalichukua mkononi mwangu kabla sijaliweka, akalipakata mapajani na khanga yangu ya kushikia moto. Tangu lile sekeseke hakumwamini mtu na vyombo. Nilikuwa na kikombe kipya mkononi, sijui cha nani. Tulikuwa wawili tu, na nilijua kwamba Kiingereza hana tena, na Kiswahili hajawahi kuwa nacho ila yale maneno machache ya kucheka.

"Ba," nikasema kwa Kiswahili, "kikombe nilikiweka mimi. Yeye hakufanya kitu. Nilimwonea wivu kwa ajili yako."

Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande, kama alivyokuwa akiwasikiliza wateja wake. Akanijibu kwa Kigujarati, maneno matano au sita. Sitayajua. Kisha akanionyesha kwa kidevu nikiweke kikombe chini, sakafuni, nami nikakiweka, nikarudisha mkono nyuma.

Akanyanyua birika juu, usawa wa bega, akanimiminia. Chai ikashuka ndefu ikatoa povu.